Nyimbo Zisizo na Mwenyewe

Muhtasari wa kikao uliingia Jumapili asubuhi, Daktari Inshirah Dardir akiwa bado anapuliza chai yake ya kwanza ofisini, na kipengele cha saba kilisema hivi: "Kikao kiliafiki kwa kauli moja kwamba mkusanyiko wa nyimbo utachapishwa bila jina la mtu yeyote aliyeukusanya." Alikisoma mara moja, akaweka gilasi chini. Akakisoma tena, huenda macho ndiyo yalikuwa na kasoro. Macho hayakuwa na kasoro yoyote.

Kauli moja! Kikao chenyewe kilifanyika Ujerumani mwezi uliopita, kwenye chumba cha vioo pande tatu na biskuti zisizo na sukari, na yeye Inshirah alikuwamo humo ndani. Alikumbuka vizuri suala la majina lilivyoletwa mezani. Alikumbuka pia alivyonyamaza. Alinyamaza kwa nguvu zake zote, akakunja mikono kifuani, akageuza uso akatazama dirisha. Kwao Qena, kusini mwa Misri, mwanamke akikunyamazia hivyo, unachukua viatu vyako unaondoka, na kesho yake unatuma watu wazima wakuombee radhi. Wajerumani walitazamana, wakatabasamu, wakaandika kwamba hakuna aliyepinga.

Nyimbo zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, nyimbo za maombolezo za wanawake wa vijiji vya Qena, na kila mmoja Inshirah aliuchukua mwenyewe kwa muda wa miaka kumi na tisa. Haziimbwi kwa kuombwa, nyimbo hizo. Haziimbwi mbele ya mgeni anayetabasamu na kinasa sauti mkononi. Zinaimbwa penye maiti, na anayetaka kuzisikia sharti avae nyeusi, akae chini na wafiwa, alie. Inshirah alikuwa amelia kwenye matanga zaidi ya mia mbili, nusu yake ya watu asiowajua hata kwa sura. Mumewe, kabla hajachoka na kwenda kuoa kwenye nyumba yenye vicheko, alikuwa na mazoea ya kumpokea mlangoni na swali moja: "Haya, leo umemlilia nani?"

Na kamati ya kupandisha vyeo ilikwisha kumrudishia faili lake mara mbili. Kazi nzuri, waliandika, ila kitabu kiko wapi? Mara ya tatu ndiyo ya mwisho kwa kanuni za chuo. Ikishindikana, atastaafu akiwa profesa mshiriki, na wanafunzi aliowafundisha yeye namna ya kuandika tanbihi ndio watakaosimama kumuaga wakiwa maprofesa kamili, wakimsifia uvumilivu. Alihitaji kitabu, na kitabu kilihitaji jina lake juu ya jalada. Hakulifanya jambo hilo siri, wala hakulionea haya.

Mradi wa pamoja wa chuo chake na Wajerumani ulikuwa na jina refu lenye nukta mbili katikati, kama ilivyo desturi ya miradi, lakini wenyewe waliuita Usawa wa Macho. Aliyeuleta msemo huo ni Profesa Gesine Rehbein. Alikuwa ameshika kiti cha uprofesa wa Kiarabu katika chuo chake kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kijani na roho nzuri kupindukia, na taabu yote ilitoka kwenye hiyo roho nzuri. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia Waarabu: "Sisi hatukuja kuwatazama kutoka juu. Tutatazamana macho yakiwa usawa mmoja. Na tafadhalini, niiteni Gesine tu." Inshirah alijaribu. Neno liligoma kutoka bila "Profesa" mbele yake, kama kumwita mama mkwe kwa jina lake. Baadaye, alipofika chuoni kwa huyo Gesine tu, alikuta kibao mlangoni: Profesa, Daktari, tena Daktari wa Heshima, ndipo jina likafuata. Gesine tu alikuwa wa safarini.

Chombo cha usawa huo kilikuwa Mkataba wa kurasa thelathini na nne. Wasomi tisa waliutunga kwa siku tatu, kwa vikaratasi vya rangi vilivyobandikwa ukutani. Waligawanywa vikundi vya watatu watatu, wakaambiwa wanong'onezane dakika saba, kisha kila kikundi kieleze kilivyojisikia. Waarabu walijisikia njaa. Siku ya tatu wakapiga makofi, wakapiga picha, Mkataba ukawekwa kwenye tovuti, na tangu hapo hakuna kiumbe aliyeufungua tena.

Inshirah aliuchukua muhtasari, akashuka nao ghorofa ya pili kwa Mkuu wa Kitivo, Profesa Daktari Lutfi Shahawi. Mkuu alikuwa na vitabu kumi na kimoja vyenye jina lake, na ilisemekana vinne kati ya hivyo alikuwa amevisoma.

"Karibu, Daktari, karibu, umetuletea nuru!" alisema Mkuu. "Mzee Futuh! Chai kwa Daktari, na sukari usiifanyie uchoyo!"

"Mkuu, Wajerumani wameniondoa."

"Wamekuondoa wapi?"

"Kwenye kazi yangu. Kitabu kinatoka bila jina."

Mkuu alishtuka kwelikweli, mpaka akavua miwani. "Bila jina? Bila jina lolote?"

"Lolote."

"Hata langu?"

"Hata lako, Mkuu."

"Huu sasa ni utovu wa adabu!" Mkuu aligonga meza. "Watu wanakula chumvi yetu, kisha wanatufanyia hivi? Sikiliza, mwanangu, hili niachie mimi. Nitawaandikia barua ya moto. Juu ya jalada tutaweka, kwa usimamizi wa Profesa Daktari Lutfi Shahawi. Herufi kubwa. Chini yake tutaweka, kazi ya jopo la Kitivo. Nani atathubutu kuligusa hilo?"

"Na mimi, Mkuu?"

"Wewe si umo kwenye jopo? Ah, Inshirah! Wewe ndiye jopo lenyewe! Nyinyi watu wa kusini mna vichwa vigumu, mtu anakusaidia nawe unamtolea macho."

Mzee Futuh, mhudumu wa chai, alikuwa mtu wa Qena vilevile, na alikuwa ameingia na trei yake katikati ya maneno hayo. Alimsindikiza Inshirah hadi koridoni.

"Binti wa kwetu," alimwambia kwa sauti ya chini, "mwizi wa kawaida ana adabu zake. Akikuibia, hakai akanywa na chai."

Barua ya moto haikuandikwa wiki ile, wala wiki ya pili. Kila Inshirah alipouliza, aliambiwa Mkuu anaitafutia maneno mazito. Siku ya kumi na tano akaona asipojifaa mwenyewe hapatakuwa na wa kumfaa, akamwandikia Gesine. Aliandika kwa adabu, aya mbili nzima za kuulizia afya kabla ya kugusa jambo lenyewe. Jibu lilirudi siku hiyohiyo, refu, limejaa mapenzi.

"Mpendwa Inshirah," aliandika Gesine, "maumivu yako nayasikia moyoni. Lakini tujiulize pamoja, jina ni nini? Jina ni umiliki, na umiliki ndio mzizi wa dhambi zetu sisi watu wa Ulaya. Nikikubali jina lako liwekwe, nitakuwa nimekulazimisha uingie katika mfumo wetu wa kibinafsi. Sitaki kukufanyia ubaya huo." Na chini kabisa ya barua, kama chini ya barua zake zote: Msemaji wa Mradi, Prof. Dk. Dk. Gesine Rehbein.

Inshirah aliandika tena akauliza, je, jina la Msemaji litakuwapo kwenye jalada? Ndiyo, lilikuja jibu, hilo litakuwapo, hilo ni sharti la wafadhili, lazima pawe na mtu mmoja wa kuwajibika. Ni suala la fomu tu. Limemkosesha raha sana Gesine mwenyewe. "Na kwa bahati mbaya," aliongeza, "siku kumi na nne za kutoa pingamizi ziliisha jana. Muhtasari umethibitika. Uamuzi wa kikao hubadilishwa na kikao kingine, si vinginevyo. Lakini tunaonana Kairo mwezi wa Novemba! Nitakukumbatia sana!"

Basi ndivyo ilivyo. Wa kwanza anamfuta kwa sababu anampenda, wa pili anamfunika kwa sababu anamlinda. Inshirah aliona afadhali angepata maadui wawili wazima, wa kutukanana nao mchana kweupe. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto, na kwa hasira hiyo akaketi akafungua Mkataba, akausoma wote, kurasa thelathini na nne, pamoja na viambatisho. Kisha akausoma mara ya pili.

Kifungu cha tisa kilimfanya avute kiti mbele. Kilisema kwamba katika vikao kila mshiriki ana haki ya kusema lugha ya moyo wake, wala haruhusiwi mtu kumdai tafsiri, kwa kuwa kudai tafsiri ni kuifanya lugha ya mwenzako iwe mgeni. Kifungu hicho Gesine alikipigania siku nzima, na machozi yalimlengalenga kilipopita. Kifungu cha kumi kilisema mwandishi wa muhtasari ataandika kwa lugha aipendayo. Inshirah alivipigia mstari vifungu vyote viwili, akaenda kupika bamia.

Novemba wakaja. Walikuja Gesine, wanafunzi wake wawili wa udaktari, na Profesa Volkmar Stieglitz, ambaye hakujua Kiarabu hata cha kuombea maji lakini alikuwa na nadharia juu yake. Pia alikuja Torben, msaidizi wa mradi, kijana wa miaka arobaini aliyekuwa mwandishi wa muhtasari tangu siku ya kwanza, kwa sababu katika usawa wote ule kazi ya muhtasari haikuwa na mwenye kuigombea. Torben alikuwa akijivunia kwamba yeye si mtalii. Siku moja kabla ya kikao alikula mikate minne ya maini kwenye kigari cha barabarani, na wa tano akaula kwa sababu muuzaji alimsifia. Asubuhi ya kikao hakuweza kutoka bafuni.

Chumba cha mikutano cha Kitivo kilikuwa na meza ndefu, bendera tatu na kiyoyozi kinachonguruma. Mkuu aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti, simu mbili mbele yake. Gesine alifungua kikao kwa kuuliza nani ataandika muhtasari. Ghafla kila mtu akapata kitu cha kutazama mezani.

"Nitaandika mimi," alisema Inshirah.

Gesine aliweka mkono kifuani. "Mnaona?" aliwaambia wanafunzi wake. "Mnaona jinsi mamlaka yanavyohama? Hiki ndicho tulichokipigania."

Volkmar alipewa nafasi ya kwanza. Alisema dakika hamsini juu ya sauti. Alisema sauti si mlio, bali ni nafasi iliyo wazi, na kwamba sisi kwanza tujifunze kutosikiliza ndipo tusikie. Wanafunzi waliandika. Mkuu alijibu simu ya kwanza, kisha ya pili, kisha akairudia ya kwanza. Inshirah naye aliandika kila kitu kwa uaminifu, na alipofika kwenye "kutosikiliza" aliweka alama ya nyota.

Ikafika zamu ya mengineyo. Inshirah aliomba nafasi, akasimama. Alianza kwa Kiarabu cha vitabuni, kile ambacho Gesine alikifundisha: akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni, akamshukuru Mkuu. Gesine alitikisa kichwa kwa raha, kila neno linamfikia. Hapo Inshirah akapiga moyo konde, akakiacha Kiarabu cha vitabuni, akashika kile cha nyumbani kwao Qena. Alikisema kwa kasi, kama wanavyokisema akina mama wakisuta mtu uani.

"Sikilizeni, watu wazima," alisema. "Mimi ni Inshirah, mtoto wa Dardir mchonga mawe. Miaka kumi na tisa nimekaa vumbini na wafiwa. Wenzangu wakienda pwani, mimi naenda matangani. Sikuona jopo likinifuata. Sikuona Mkataba ukinishika mkono. Aliyekwenda ni Inshirah! Aliyelala chumba kimoja na mbuzi, akaamka na viroboto, ni Inshirah! Leo mnaniambia nyimbo ni za umma. Sawa, za umma. Basi huo umma una majina, nami ninayo yote daftarini. Naleta hoja. Kitabu kitoke na jina moja la mkusanyaji juu yake, Inshirah Dardir. Ndani yake kila wimbo uandikwe mama aliyeuimba na kijiji chake. Na mabwana na mabibi mnaowaona hapa tuwaweke ukurasa wa shukrani, wafuatane kwa herufi, wasije wakaoneana wivu. Humo tutamweka na Profesa Daktari Lutfi Shahawi, kwa herufi kubwa, apumue."

Mkuu aliposikia jina lake aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Naam! Naam, kabisa!" alisema kwa sauti, kisha akarudi alikotoka.

Mlangoni Mzee Futuh alikuwa amesimama na trei ya chai, mdomo wazi. Aliyemwelewa Inshirah mwanzo mpaka mwisho katika chumba kile alikuwa yeye peke yake, na hakuwa mjumbe.

Na Wajerumani? Gesine alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya miwani ya kijani. Alikuwa hajaelewa kitu, hata kiungo cha sentensi, lakini mtu aliyeshika kiti cha Kiarabu miaka ishirini na miwili hawezi kuinua mkono mbele ya wanafunzi wake akasema samahani, sijaelewa. Hilo halimo katika mambo yanayowezekana. Kwa hiyo aliufuata wimbo wa sauti tu, sauti inayopanda, mkono unaopiga kifua, na akili yake ikampa jibu la kumfaa: Inshirah anaomboleza. Anawaonyesha wimbo mmojawapo.

"Ni yeye," alimnong'oneza Volkmar. "Hii ndiyo sauti."

Volkmar alitikisa kichwa taratibu, akaandika kwenye karatasi yake neno "mdundo", akalizungushia duara.

Inshirah aliona yote hayo. Dhamiri ikamgusa bega. Angeweza kurudia kwa Kiingereza. Kilikuwa mdomoni mwake, laini kabisa. Akawatazama wale walivyokuwa wamefumba macho kwa ajili ya kumsikia vizuri, na dhamiri ikaondoka yenyewe.

"Kuna anayepinga?" aliuliza, kwa lugha ileile.

Wakapiga makofi. Gesine alisimama, wengine wakasimama, hata Mkuu alisimama akidhani kikao kimekwisha. Volkmar alisema "asante" kwa Kiarabu, na kwa kweli aliipatia.

Kesho yake mchana Inshirah aliutuma muhtasari. Aliuandika kwa Kiarabu safi cha vitabuni, ambacho Gesine angekisoma bila kamusi kama angekisoma. Kurasa nne. Kipengele cha kwanza, kufungua. Cha pili, udhuru wa Torben. Cha tatu, sauti. Cha nne kilieleza hoja yake neno kwa neno, pamoja na herufi kubwa za Mkuu, na kikamalizia hivi: "Mwenyekiti aliafiki kwa mdomo. Kikao kilipitisha kwa makofi, wajumbe wote wakiwa wamesimama." Hakuongeza chumvi hata chembe. Alikuwa mtafiti, na mtafiti hapotoshi kanda.

Dakika tatu baadaye Gesine alijibu: "Kazi nzuri mno! Nimeguswa na kila ukurasa!" Volkmar alituma kidole gumba. Mkuu hakutuma kitu, kwa kuwa barua pepe zake zilisomwa na katibu wake, na katibu alikuwa likizo.

Siku kumi na nne zilipita polepole, Inshirah hana usingizi wa maana, kila simu ikilia anaruka. Hapakuwa na pingamizi. Siku ya kumi na tano aliupeleka muhtasari kwa mchapishaji, pamoja na nakala ya Mkataba na daftari la majina. Mchapishaji alikuwa Mjerumani. Aliona karatasi iliyothibitika, akafanya kama karatasi ilivyosema.

Mwisho wa Januari jalada likatumwa kwa wote, na kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze wote walifungua kitu walichotumiwa. Kikao cha dharura kiliitishwa mtandaoni adhuhuri ya siku ya pili. Torben alikuwapo, amepona. Wanafunzi wawili wa Gesine walikuwapo, na mama mmoja kutoka kwa wafadhili, mtulivu, mwenye kalamu. Mkuu alikuwapo kwa upande wa paji la uso tu, maana hakujua kuigeuza kamera.

"Haya ni mapinduzi!" alisema Volkmar, uso mwekundu. "Jina la mtu mmoja! Na sisi tumetupwa ukurasa wa shukrani, tumepangwa kwa herufi kama watoto wa shule! Mimi ni S! Mimi ni wa mwisho! Jambo hili hatukuliamua kamwe."

"Kipengele cha nne, Profesa," alisema Inshirah.

"Kwa Kiarabu!"

"Kifungu cha kumi."

"Na ulipokuwa unasema sikuelewa hata neno moja!"

"Kifungu cha tisa," alisema Inshirah. "Nisingeweza kukutafsiria, ningeifanya lugha yangu mgeni. Mlitufundisha nyinyi."

Volkmar aligeuka kwenye kioo kama anayemtafuta mtu chumbani. "Gesine! Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu. Wewe ndiye mwenye Kiarabu. Haya, tuambie sisi tusiojua. Alisema maneno haya, au hakuyasema?"

Mama wa wafadhili aliinua kalamu. Wale wanafunzi wawili, waliokuwa wanamlipa Gesine kwa heshima yao yote na miaka yao sita, walimtazama mwalimu wao bila kupepesa. Gesine alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Inshirah alimwona jasho juu ya mdomo, na kwa mshangao wake mwenyewe akamwonea huruma, huruma ya kweli, kama ya kumwona mtu mzima amekwama mlangoni na begi kubwa. Hiyo huruma haikumfanya aseme kitu.

"Aliyasema," alisema Gesine.

"Na ulielewa?"

"Volkmar, tafadhali. Bila shaka nilielewa. Nilielewa kila neno."

"Na ukampigia makofi?"

"Nilikuwa nimeshawishika," alisema Gesine.

Mama wa wafadhili akaandika. Ndipo likasikika paji la uso la Mkuu likikohoa.

"Kwa ajili ya kumbukumbu," lilisema, "wazo hili lilizaliwa ndani ya kitivo changu, na mimi mwenyewe nililiunga mkono kwa sauti. Naam, kabisa, nilisema. Shahidi ni Daktari Inshirah."

"Ni kweli, Mkuu," alisema Inshirah. "Hayo ndiyo uliyosema."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, faili la kupandishwa cheo lilikuwa juu ya meza ya Inshirah, limefungwa kamba, na picha ya jalada imewekwa juu kabisa. Mzee Futuh alikuwa amekwisha kuja mara tatu kuuliza kama kuna gilasi chafu, kila mara akilitazama jalada, na mara ya tatu akatafuta kwa kidole kijiji cha mama yake kwenye orodha ya waimbaji iliyokuwa kando yake, akakikuta. Simu ikalia. Alikuwa Gesine, na safari hii hakuanza na mapenzi.

"Inshirah, tuko sisi wawili tu," alisema. "Naomba uniambie ukweli. Siku ile Kairo, ulisema nini hasa?"

"Nilisema yaliyomo kwenye muhtasari, Profesa."

"Nimeusoma sasa. Nimeusoma usiku kucha." Akavuta pumzi. "Sikuelewa. Nilidhani unatuimbia. Lugha ya huko kwenu, si ile ninayoijua. Hakuna mtu wa chuo changu ambaye angeielewa."

"Ni ngumu, Profesa. Sikulaumu kwa hilo. Hata Wakairo inawashinda."

"Basi ungenipa ishara. Kitu chochote cha kushika."

Inshirah alilikaza fundo la kamba ya faili. Alikuwa ametulia, hana hasira tena, na hilo lilimuuma kuliko hasira.

"Nilikupa," alisema. "Kulikuwa na neno moja pale ambalo hata asiyejua Kiarabu angelishika. Nililisema mara nne, nikipiga kifua."

"Mara nne?" Ilisikika kwamba Gesine anatafuta kwa moyo wote, mtu mwenye roho nzuri, anarudi kwenye chumba kile na kiyoyozi chake na kupekua kila pembe. "Samahani sana. Neno gani?"

"Jina langu," alisema Inshirah.